Mzazi anapigiwa na watu wanaojiita huduma kwa wateja: tumwekee kinga gani kwenye laini na akaunti?

KijanaWaPangani

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya laini na miamala kwa undani.

Mama ana miaka 67, anaishi Muheza. Anatumia kitochi cha laini mbili, Voda na Airtel. Pensheni yake inaingia benki, anaihamishia M-Pesa kupitia menyu ya benki, kisha anatoa kwa wakala. Mwezi huu amepigiwa mara nne na namba za kawaida. Wanamtaja kwa majina yake matatu bila kukosea, wanamwambia usajili wa laini haujakamilika na itafungwa siku hiyohiyo. Hajatoa kitu mpaka sasa, anakata simu, lakini amebaki na hofu kwamba huenda laini kweli ikafungwa.

Naomba kujua: majina yake wanayapata wapi? Wanaweza kufanya nini hasa kama hawana namba ya siri? Na ni vitu gani nimwekee kwenye simu na kwenye laini nikienda wikiendi hii, ukizingatia hana simu janja?

---

Wakala_Ngamiani

Pole kwa mama, na hongera kwake kwa kukata simu. Wengi wanashindwa hapo hapo.

Majina matatu yasimtishe. Mtu yeyote mwenye salio kwenye simu anaweza kuanza kutuma pesa kwa namba ya mama, menyu ikamwonyesha jina lililosajiliwa kabla hajaweka namba ya siri, kisha akasitisha. Haimgharimu hata shilingi. Ongeza na madaftari ya miamala kwenye vibanda, ambapo mteja anaandika jina, namba na kiasi alichotoa, na daftari linabaki wazi mezani kila mtu akilipitia. Kwa hiyo mpigaji anaweza kujua jina na hata kiasi alichotoa juzi, na bado asiwe na uhusiano wowote na kampuni ya simu.

Sasa sikiliza simu yenyewe inavyokwenda, kwa sababu siku hizi wengi wao hawaombi namba ya siri kabisa. Inaanza hivi: "Mama, usajili wako unaonekana mara mbili kwenye mfumo, baada ya dakika 20 laini inafungwa. Usikate simu, weka sauti kubwa, nikuelekeze uhakiki." Kisha: "Bonyeza nyota 150 nyota 00 reli. Chagua moja. Sasa ingiza namba ya usajili," anamtajia namba ya simu tarakimu moja moja. "Sasa ingiza namba ya uhakiki, moja nane saba tano sifuri sifuri." Halafu: "Malizia kwa namba yako ya siri, usinitajie mimi, ni siri yako."

Angalia kilichotokea. Namba moja kwenye menyu ni kutuma pesa. "Namba ya usajili" ni namba ya mpokeaji. "Namba ya uhakiki" ni kiasi, shilingi 187,500. Na lile neno "usinitajie" ndilo linalomfanya mama amwamini, maana amesikia redioni kila siku kwamba mtu wa kampuni hakuulizi namba ya siri.

Mahali pa kujiokoa ni skrini ya mwisho kabla ya namba ya siri. Pale panaandikwa jina la mpokeaji na kiasi. Mfundishe mama kusimama hapo na kusoma kwa sauti: natuma shilingi ngapi, kwa nani? Kama macho hayaoni maandishi madogo ya kitochi, basi kanuni iwe rahisi zaidi: hakuna kubonyeza nyota wakati kuna mtu hewani. Simu ikatwe kwanza, nyota baadaye.

"Usikate simu" nayo ina kazi yake. Mtu akikata tu, atapiga 100 au atamwita jirani, na mchezo umeisha.

---

FundiMitambo

Naongezea alipoishia mkuu wa Ngamiani, kwenye swali la "wanaweza kufanya nini bila namba ya siri".

Namba ya siri peke yake, bila laini, haimsaidii mwizi. M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas, HaloPesa zote zinafanya kazi kutoka kwenye laini husika, au kwenye programu ya simu janja ambayo ili ifunguke kwenye simu mpya inatuma kodi (namba ya kuthibitisha) kwa meseji. Kwa hiyo tapeli anahitaji vitu viwili: siri, na laini au kodi. Mara nyingi anavikusanya kwa simu mbili tofauti, siku tofauti, kwa sauti tofauti. Ndiyo maana simu "isiyo na madhara" iliyoomba tu namba ya NIDA nayo ihesabiwe.

Akiuliza maswali haya, jua anajiandaa kubadilisha laini yako au kuomba namba ya siri mpya: namba ya NIDA, jina la mama mzazi, muamala wa mwisho ulikuwa wa kiasi gani, salio lililopo, namba tatu unazopigia mara kwa mara. Kwa mwananchi yanaonekana maswali ya kawaida, lakini ndiyo aina ya maswali ambayo mhudumu wa kweli humuuliza mteja kuthibitisha ni yeye. Ukimjibu tapeli, umemfanyia mazoezi ya mtihani.

Laini ikibadilishwa, dalili ni moja: simu inapoteza mtandao ghafla, inaandika "simu za dharura pekee", na ukiwasha na kuzima hairudi, wakati majirani wenye mtandao huo huo wanapiga vizuri. Usingoje kesho. Azima simu ya mtandao huo huo, piga 100, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe kwa muda, kisha nenda dukani na kitambulisho.

Sasa kazi za wikiendi kwenye kitochi.

Piga *106# kwenye kila laini, fuata menyu ya kuhakiki usajili, ingiza namba ya NIDA. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Ukikuta namba asiyoijua, nendeni naye dukani, kwa kampuni yenye namba hiyo, akaikane kwa alama ya kidole. Hii pia inamaliza hofu yake: kama *106# inaonyesha usajili uko sawa, basi uko sawa, na hakuna dakika 20 za mtu yeyote. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Laini inayofanya kazi leo ilishavuka mlango huo.

Kisha piga *#21# uone kama simu zake zinaelekezwa kwingine. Kuna matapeli wanaomwambia mtu abonyeze nyota 21 nyota, namba fulani, reli, eti "kuongeza nguvu ya mtandao". Hapo simu zote zinazokuja kwake zinakwenda kwa tapeli. Watu wanadhani na meseji zinahama. Hapana, ni simu tu. Lakini WhatsApp, kwa mfano, inaweza kutoa kodi yake ya tarakimu 6 kwa kupiga simu badala ya meseji, na benki ikipiga kuhakiki muamala, tapeli ndiye anayepokea. Kufuta uelekezaji wote ni ##002#. Ukipiga *#62# ukakuta namba usiyoijua, usishtuke haraka. Mara nyingi ni namba ya kuachia ujumbe wa sauti ya mtandao wenyewe, inayopokea pale simu ikiwa imezimwa. Ya kutia shaka ni ile inayotokea kwenye *#21#.

Mwisho weka PIN ya laini yenyewe, si ya M-Pesa. Kwenye kitochi ipo Mipangilio, Usalama. Kitochi kikiibwa, mwizi akihamishia laini kwenye simu nyingine ataombwa PIN. Akikosea mara 3 itadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini, ya tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Andika PUK kwenye daftari la nyumbani kabla hujaweka PIN, maana mama naye anaweza kukosea.

---

Mtoto_wa_Kisosora

Mwambie asipokee namba ngeni kabisa. Imeisha hiyo.

---

Wakala_Ngamiani

Ndugu yangu, hiyo haitekelezeki. Mzee wa miaka 67 anapigiwa na zahanati, mwenyekiti wa kitongoji, mjukuu aliyeazima simu. Ukimkataza kupokea, siku ya tatu atapokea tu, na atakuwa hajaandaliwa. Bora apokee akiwa na jibu moja alilolizoea: "Nitakuja dukani mwenyewe." Halafu akate, bila kungoja jibu. Asibishane, asimwulize maswali ili kumnasa. Matapeli hawa wanaishi kwa maongezi. Kadiri mtu anavyokaa hewani ndivyo anavyoachia kitu.

Kuhusu namba inayopiga: kampuni za simu Tanzania zinatumia 100 kwa huduma kwa wateja. Mtu anayepiga kwa 07 au 06 ya kawaida akasema ni huduma kwa wateja, ni tapeli. Lakini usimfundishe mama kinyume chake, kwamba ikionekana 100 basi ni salama. Namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa. Akate, kisha apige 100 mwenyewe. Simu aliyoianzisha yeye ndiyo ya kuamini.

---

BintiMvita

Niko upande wa Kenya, naongeza kwa walio na jamaa huku, kwa kuwa namba ni tofauti na watu huchanganya.

Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Meseji za ulaghai hupelekwa 333. Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, ile meseji ya M-PESA unaipeleka 456 kuomba irudishwe. Na kuna moja ambayo ningemwekea mzazi leo hii: *100*100#. Ukiipiga, laini yako haiwezi kubadilishwa na wakala wala kwa simu, ni wewe mwenyewe kufika dukani na kitambulisho. *106# nako huku iko, kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mtindo unaosumbua sana huku ni ule wa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie tafadhali, mtoto yuko hospitali". Kwanza tazama meseji imetoka wapi. Ya kweli hutoka kwa jina MPESA. Ikitoka kwa namba ya mtu, ni maandishi tu yaliyotungwa. Pili tazama salio lenyewe kwenye menyu, usiamini salio lililoandikwa kwenye meseji. Na hata kama pesa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Zinaweza kuwa za mtu mwingine aliyelaghaiwa, na mwenyewe akiomba zirudishwe, zitatolewa kwako mara ya pili baada ya wewe kuwa umeshatuma. Mwambie aliyekosea apigie kampuni yake, na wewe uziache pale zilipo bila kuzigusa.

Jambo jingine: akiwa na Fuliza, ile huduma ya mkopo ya M-PESA, mlaghai hatosheki na salio. Anachukua na mkopo pia, na deni linabaki kwa jina la mwenye laini.

---

FundiMitambo

Umesema kweli dada, na huku Tanzania ni vilevile kwa Songesha, mkopo wa M-Pesa ya Voda. Ndiyo maana "mimi sina kitu kwenye simu" si kinga.

Kuna mtego mwingine nilisahau, nao ni wa hatari kuliko yote kwa kitochi: dirisha linalojitokeza lenyewe. Mtu anapolipia kitu mtandaoni, mfanyabiashara hutuma ombi, na kwenye simu yako panatokea maandishi ya kukutaka uweke namba ya siri ili kulipa kiasi fulani. Tapeli anaweza kuanzisha ombi hilo kwa namba ya mama. Kisha anapiga: "Kuna mtu anataka kuiba pesa zako, utaona ujumbe sasa hivi, weka namba ya siri haraka kusitisha." Ujumbe unatokea kweli, tena umetoka kwenye mfumo halisi, na hofu inamfanya abonyeze. Ukweli ni kwamba namba ya siri kwenye dirisha hilo hairudishi wala kusitisha chochote. Kazi yake ni moja, kuruhusu. Kusitisha ni kubonyeza kitufe chekundu, au kuliacha dirisha lijifunge lenyewe.

---

KijanaWaPangani

Asanteni sana wakuu, na dada wa Mvita. Nimeongea na mama kwa simu jioni hii. Mawili yamejitokeza. Moja, amekiri kwamba alishamtajia mmoja wao namba ya NIDA, akidhani haina shida kwa kuwa si ya siri. Pili, namba yake ya siri ya M-Pesa ni mwaka wake wa kuzaliwa, na ya benki ni hiyo hiyo.

---

FundiMitambo

Basi usingoje wikiendi, badilisheni usiku huu.

Chukua kitambulisho cha mama uangalie namba. Ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Nne za mwanzo kabisa ni mwaka. Yaani alipomtajia NIDA, alishamtajia na namba ya siri, zote mbili, bila yeyote kujua. Tapeli akijaribu namba ya siri, anaanza na mwaka, kisha siku na mwezi, kisha 1234. Anazo nafasi 3 kabla akaunti haijafungwa, na zinamtosha.

Abadilishe M-Pesa kwa *150*00#, Airtel Money kwa *150*60#, sehemu ya akaunti yangu. Kama benki ni NMB, menyu ni *150*66#, CRDB ni *150*03#. Kila moja iwe na namba yake. Kwa mzee, namba rahisi kukumbuka ambayo haipo kwenye karatasi yoyote ni, kwa mfano, tarakimu mbili za namba ya nyumba ya zamani zikifuatwa na umri aliokuwa nao alipoolewa. Asiwe anaisema kwa sauti akiwa kwa wakala, na wakala asibonyeze kwa niaba yake. Wazee wengi wanampa wakala simu na kumtajia siri dirishani, huku foleni nzima ikisikiliza.

Kesho asubuhi apige 100 awaambie namba yake ya NIDA iko mikononi mwa matapeli, waandike kumbukumbu kwenye laini. Tena afike tawini, aombe kikomo cha miamala ya simu kwa siku kishushwe kifikie matumizi yake ya kawaida. Na asihamishe pensheni yote kwa mkupuo. Ahamishe ya wiki moja, iliyobaki ikae benki.

---

Wakala_Ngamiani

Nami nimalizie kwa swali ambalo hukuuliza lakini utalihitaji: pesa zikienda, nani aanze na nini.

Dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Pesa iliyotumwa inakaa kwa mpokeaji kwa muda mfupi sana, kisha inatolewa kwa wakala au inarushwa mtandao mwingine, na ikishatoka hivyo kuirudisha ni kazi nzito. Kwa hiyo cha kwanza ni 100, si polisi, si kumpigia tapeli na kumbembeleza. Mwambie mhudumu maneno haya: "Nimetapeliwa, naomba muamala huu uzuiwe," kisha msomee namba ya kumbukumbu iliyo mwanzoni mwa meseji ya muamala, saa, na kiasi. Omba namba ya malalamiko yako, iandike. Benki inafuata, kama akaunti imeunganishwa na simu.

Baada ya hapo, meseji ya kitapeli itumwe kwenda 15040, utaulizwa namba iliyoituma, unaijaza. Ni namba ya kuripoti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ndiyo njia ya kufanya laini ile ifungiwe. Fanya hivyo hata kama hakuna pesa iliyopotea. Zile namba nne zilizompigia mama zote ziende huko. Kisha polisi, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Bila RB kampuni haitatoa taarifa za mwenye laini, na polisi wataomba kila meseji na kila namba, kwa hiyo usifute kitu kwenye simu hata kama kinaumiza kukiangalia. Kitochi kina nafasi ndogo ya meseji na zikijaa za zamani zinaweza kufutika au mpya zikagoma kuingia, basi zipige picha kwa simu nyingine mapema, namba na saa zikionekana.

Baada ya wiki moja au mbili, tarajia simu nyingine. Atajitambulisha kama afisa wa polisi wa makosa ya mtandao au wa benki, atataja kiasi kilichopotea mpaka shilingi ya mwisho, aseme pesa zimepatikana, inatakiwa tu ada ya kuzifungua au namba ya kuthibitisha iliyoingia kwenye simu. Kiasi anakijua kwa sababu ni yeye au mwenzake aliyekichukua. RB ina kituo na namba; mama aseme atafika kituoni, akate, uende naye.

Na kwa huko tawini: akaunti ikishafungwa kwa muda kwa usalama, kuifungua ni kwa mwenyewe kufika na kitambulisho. Kutoka Muheza mpaka Tanga mjini mwandalie nauli ya safari mbili, pengine siku ya kwanza mtandao wa tawi ukawa haupo.